Deni la Picha Isiyoonekana

Wapenzi wa kamera za filamu wana kauli moja ambayo nataka kubishana nayo: kwamba filamu inamheshimu anayepigwa picha kuliko kamera ya dijiti. Hoja yenyewe naielewa. Mkanda una picha 36, kila moja ina gharama, kwa hiyo mpiga picha anatulia, anatazama, ndipo anabonyeza.

Utulivu huo sasa una bei. Canon waliacha kuuza kamera yao ya mwisho ya filamu mwaka 2018, Nikon wakaachana na F6 mwaka 2020, tukadhani tumeshazika. Kumbe mwaka 2022 Leica wakairudisha M6 sokoni kwa zaidi ya dola 5,000 bila lensi, na mwaka 2024 Pentax wakatoa kamera mpya kabisa ya filamu. Sina shaka mashine kama M6 itaishi. Betri ikiisha, kinachozimika ni kipima mwanga tu, na lensi iliyotengenezwa miaka ya 1950 bado inafunga juu yake. Ninachojiuliza ni nani anabeba mzigo wa kusubiri.

Hapa Karatu, nilipokulia, kusubiri kulikuwa na risiti. Ulikwenda studio na nguo ya Krismasi, ukasimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, ukalipa nusu. Mkanda ulingojewa ujae ndipo upelekwe Arusha kusafishwa. Wiki mbili baadaye ulirudi, na kama picha ilikutoa umefumba macho, ulimjia juu mpiga picha palepale kwenye kiti chake. Alikujua jina, na mama yako alimjua.

Kule juu, kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, hakuna risiti. Mgeni anashuka garini na kamera yake ya filamu, anampiga picha mtoto wa Kimasai, na mtoto anakimbilia nyuma ya kamera kama alivyozoea, aangalie kioo. Anakuta mfuniko mweusi wenye kisahani cha namba. (Nimeona wanaokigusagusa kisahani hicho wakidhani ndiyo swichi.) Mgeni anatabasamu, kwake huo ndio utamu wa filamu. Lakini yeye ataiona picha.

Ukingoni hapohapo amezikwa Michael Grzimek, aliyekufa Januari 10, 1959 ndege yake ndogo ilipogongana na tumbusi. Filamu ya Serengeti aliyoitengeneza na baba yake, Bernhard, ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ujasiri wao siudharau. Ila hadhira yao haikuwa wafugaji waliohamishwa Serengeti kuja Ngorongoro mwaka huohuo wa 1959, ingawa ardhi iliyopigwa picha ilikuwa na malisho yao.

Rafiki yangu, dereva wa watalii, ananipinga: wenye dijiti nao hawatumi picha. Kweli. Lakini mtoto ameshajiona, na kujiona si kitu kidogo. Nadhani anayechagua filamu amechagua pia deni, nalo halilipwi kwa kumwangalia mtu kwa makini. Kamera ya Instax, ile wanayoiita ya watoto, inalilipa kwa dakika chache, na ajabu ni kwamba wenye lensi za thamani ndio wanaoicheka. Wakipiga kreta tupu, au kifaru, sina neno. Kifaru hadai nakala.

Kulipa baadaye nako kumekuwa kugumu. Tangu Juni 2022 familia nyingi zimeondoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni. Mama mmoja ninayemfahamu yuko huko. Kabla ya kuhama alipigwa picha na mgeni mwenye kamera ya filamu, akaahidiwa nakala. Kila nikimpigia simu ananiuliza kama yule mtu amepita tena Karatu. Sura yake anaijua, anasema. Anachokitaka ni boma lililokuwa nyuma yake, kwa sababu limeshabomolewa.