Huruma Isiyotegemea Bahati

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Ni methali ya upendo: ukimkuta mtu amelala hoi, usisimame mlangoni kumhoji kama ana njaa, koroga uji umpelekee. Lakini methali hiyohiyo ikiingia hospitalini hugeuka sura. Mgonjwa haulizwi uji, haulizwi dawa, haulizwi upasuaji, wala haulizwi angependa nani akae naye usiku. Nyumbani, kutouliza kulikuwa na maana kwa sababu mpika uji alimjua mgonjwa wake: alijua anapenda wa mtama au wa mchele, ameacha kula tangu lini, na maumivu gani anayaficha ili asiwasumbue wengine. Hospitalini, asiyeuliza hajui. Nani basi ana jukumu la kuhakikisha kwamba mgonjwa anaulizwa, na watu wake wanasikilizwa?

Mara nyingi tunalitupa jukumu hilo kwa muuguzi. Tunasema nesi yule ana roho nzuri, mwenzake ana lugha kali, na tunadhani dawa ni semina ya siku mbili kuhusu lugha nzuri kwa wateja. Tunalizungumza jambo hili kama tabia ya mtu. Lakini huruma ya mtu mmoja ni bahati ya yule atakayekutana naye. Aliyelazwa zamu ya asubuhi ataipata, wa zamu ya usiku ataikosa, na wote wawili wamelipia kitanda kilekile. Kazi ya uongozi, naamini, ni kuitoa huruma katika bahati na kuifanya haki. Kiongozi asiyeifanya kazi hiyo anaweza kuwa msimamizi hodari wa majengo, magari na bajeti. Bado hajawaongoza watu katika uponyaji.

Tazama wodi ya kawaida ya hospitali ya mkoa, saa mbili asubuhi. Binti amekesha kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha mama yake. Ndiye aliyemgeuza usiku, aliyemwosha, aliyemlisha, na aliyekimbilia duka la dawa nje ya geti kununua kilichokosekana ndani. Anajua mama alitapika saa ngapi. Anajua pia kwamba vile vidonge vyeupe mama amevificha chini ya mto, kwa sababu vinamchoma tumbo na anaona aibu kumwambia daktari. Mara inasikika sauti: “Ndugu wa wagonjwa wote nje, daktari anapita raundi!” Binti anakunja mkeka, anatoka. Daktari kijana anafika kitandani na kuinama kwa adabu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Unaendeleaje?”

“Afadhali kidogo.”

Faili linaandikwa kwamba anaendelea vizuri, raundi inasonga kitanda kinachofuata. Mwenye habari kamili amesimama kwenye korido na ndoo yake ya nguo mbichi.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki. Daktari ana heshima, nesi anafuata utaratibu, mama hataki kumsumbua mtu. Kosa limo ndani ya utaratibu wenyewe, na utaratibu una mwenyewe. Kuna mtu, leo au miaka thelathini iliyopita, aliyeamua kwamba saa ya raundi ndugu watoke, na kila aliyemfuata kwenye kiti akaona ni jambo la kawaida. Mganga mfawidhi mmoja anaweza kuandika upya sentensi moja tu, kwamba kila mgonjwa ataje ndugu mmoja wa kubaki naye wakati wa raundi, na kesho yake vile vidonge vikatoka chini ya mto. Hilo haliombi fedha ya mfadhili. Linaomba mtu mwenye mamlaka akubali kwamba utaratibu aliourithi ni uamuzi, na kwamba sasa ni uamuzi wake.

Kisa hicho kinaonyesha pia jambo linalotuhusu sisi hasa. Katika nchi tajiri, vita vya kuirudisha familia kitandani vilianza kwa kuugombea mlango. Kwetu familia imekwishaingia, kwa kuwa bila mikono yake hospitali nyingi zisingeweza kuendesha hata wodi moja. Iko katikati ya kazi, ila haiko katikati ya uamuzi. Inaitwa panapohitajika kubeba maji, damu na hela, na inatolewa nje panapozungumzwa ugonjwa. Kumtumia mtu bila kumsikiliza ni namna ya kumdhulumu, hata kama umemkaribisha kwa tabasamu.

Historia inafundisha kwamba kujua lililo jema hakutoshi. Huko Newcastle, Uingereza, daktari James Spence alikuwa akiwalaza akina mama pamoja na watoto wao tangu miaka ya 1920, na wodi yake haikuporomoka. Hata hivyo, miongo mitatu baadaye hospitali nyingi nchini humo bado ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto kwa saa chache tu kwa wiki, kwa hoja kwamba mtoto akimwona mama atalia. Mwaka 1952 mtafiti James Robertson alionyesha filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa peke yake, na wengi wa madaktari walioitazama walikasirika badala ya kujiuliza. Mwaka 1959 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Platt ikapendekeza milango ifunguliwe na mama wa watoto wadogo walale nao. Pendekezo likasafiri polepole sana, likikubaliwa hapa na kupuuzwa pale, kulingana na nani alikuwa mkuu wa hospitali gani. Miaka yote hiyo ushahidi ulikuwepo na huruma ilikuwepo. Kilichokosekana ni watu wenye mamlaka walio tayari kuyafanya mambo hayo kuwa kanuni.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Bogotá, Kolombia, madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walikabiliwa na uhaba wa mashine za kuwatia joto watoto njiti. Wakawarudisha watoto kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na njia ya kangaruu ikazaliwa. Kwa muda mrefu ilitumika kwa mtoto aliyekwisha kutulia; aliye mahututi alitengwa kwanza. Kisha ukaja utafiti mkubwa katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021. Watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walilinganishwa na waliosubiri hadi hali itulie. Ndani ya siku 28, walifariki asilimia 12.0 ya wale wa kwanza na asilimia 15.7 ya wale wa pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, maana tofauti ilikuwa wazi mno, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Fikiri ni nini kilihitajika ili jambo hilo liwezekane. Kitanda cha mama kiliingia ndani ya chumba cha watoto mahututi. Mama aliyejifungua naye ni mgonjwa, hivyo wakunga na wauguzi wa watoto, waliozoea kuwa idara mbili zenye wakuu wawili, walilazimika kufanya kazi chumba kimoja. Mama akizidiwa, bibi au shangazi alipaswa kuruhusiwa kumbeba mtoto badala yake. Hakuna muuguzi wa zamu, hata awe na moyo wa dhahabu, anayeweza kuhamisha vitanda, kuunganisha idara na kubadili kanuni ya mlango. Hapo uongozi si pambo la huduma. Ni sehemu ya tiba, sawa na oksijeni.

Wapo watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba wodi zetu zimefurika, kwamba ndugu huleta maambukizi, kwamba faragha ya kitanda cha jirani nayo ni haki. Hoja hizi ni za kweli na kiongozi mwema hazidharau. Janga la UVIKO-19 lilituonyesha kwamba kuna nyakati za kufunga. Lilituonyesha pia uchungu wa kuaga dunia bila kushikwa mkono na mtu wako. Ninachodai ni mpangilio wa hoja. Kwa sasa ndugu ndiye anayedaiwa sababu ya kuingia. Iwe kinyume chake, mwenye kufunga mlango ndiye adaiwe sababu, aieleze, aiwekee muda, na aifute ikishakwisha.

Pingamizi zito zaidi liko kwingine: familia si malaika. Wapo wana wanaomficha mzee wao kwamba ana saratani, wakamwomba daktari naye ashiriki kuficha. Wapo waume na wakwe wanaoamua kama mwanamke apasuliwe au asipasuliwe huku yeye mwenyewe yuko macho na ana akili timamu. Tukisema tu kwamba familia isikilizwe, tunaweza kumnyamazisha mgonjwa kwa sauti za wanaompenda. Kwa hiyo kanuni lazima ianzie kwa mgonjwa: yeye ndiye anayetaja watu wake ni nani, wajue nini, na waishie wapi. Utu wetu unasema mtu ni watu, lakini hausemi kwamba watu wanaweza kumeza mtu. Kulilinda hilo mbele ya ukoo uliokuja na basi zima kunahitaji daktari anayejua kwamba kiongozi wake atasimama nyuma yake.

Kusimama nyuma ya wafanyakazi ndicho kipimo ambacho viongozi wengi hukisahau. Muuguzi aliyefokewa asubuhi mbele ya wagonjwa, aliyenyimwa likizo, aliyebaki peke yake na wodi iliyojaa, hana pa kuitoa subira tunayomdai. Namna mkubwa anavyomtendea mdogo hushuka ngazi kwa ngazi hadi kitandani. Asiyesikilizwa hujifunza kutosikiliza.

Na kusikiliza kukitakiwa kudumu, kunahitaji kiti. Mwaka 1994 katika taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston, Betsy Lehman, mwandishi wa habari za afya, alifariki baada ya kupewa dawa mara nne ya kipimo chake. Uongozi ungeweza kujificha nyuma ya mawakili. Badala yake, miaka michache baadaye wagonjwa na familia walikaribishwa kwenye mabaraza ya taasisi hiyo kama wajumbe, na mwaka 2008 jimbo la Massachusetts likazitaka hospitali zake zote kuwa na mabaraza ya namna hiyo. Kwetu Tanzania viti vimekwisha kuwekwa: zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi zenye wajumbe wa wananchi. Lakini mjumbe aliyeletewa bajeti asaini hajashirikishwa. Ameshirikishwa yule anayeweza kusema, “Mheshimiwa mwenyekiti, wazazi wetu wanatolewa nje usiku,” na kikao kijacho akajibiwa nini kimebadilika.

Mganga mfawidhi huhamishwa. Ndiyo desturi ya utumishi. Anaagwa kwa risala na zawadi, watu wanasema alikuwa mtu wa watu. Ningependa apimwe kwa mgonjwa atakayelazwa baada ya gari lake kuondoka, asiyemjua hata kwa jina. Kama huyo naye ataulizwa, kama ndugu aliyemtaja atabaki naye saa ya raundi, na kama nesi atakayempokea anaona hayo ni wajibu wake wa kila siku, basi pale palikuwa na kiongozi. Kama wema umehama pamoja naye, alikuwa mtu mwema tu, na wagonjwa wanastahili zaidi ya hapo.