Askari Jela na Chama Chake

Msomaji, hapana shaka waujua ukumbi wa Kaloleni, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi. Hapo, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alidai uhuru wa nchi zetu mbele ya umati. Mwezi uliofuata alikamatwa, asifunguliwe hata 1961. Sasa wafikirie waliomlinda. Wao pia waliuza jasho lao. Je, hawastahili chama? Sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 iliwatenga askari jela wa Kenya, na mwaka 2008 waligoma bila chama.

Mimi nasema wanastahili. Lakini chama hicho kingesema nini juu ya Hola? Huko, tarehe 3 Machi 1959, walinzi waliwapiga watu waliozuiliwa, 11 wakafa, na serikali ikatangaza kwanza kwamba ni maji waliyokunywa. Kudai mwenzako asikizwe kabla ya kufukuzwa ni jambo moja. Kusema hakumpiga mtu, nawe wajua alimpiga, ni jingine. Ungekuwa katibu, na mke wa askari yule akakujia analia, mkononi ana barua ya kuhamishwa nyumba ya serikali, ungemjibu nini?