Kusoma na Kupika Bila Mtahini

Macho yangu yalianza kuzeeka kwenye ungo. Wengi huambiwa na kitabu kwamba umri umefika: herufi zinachezacheza, mkono unanyooka kuusogeza ukurasa mbali, mpaka siku moja mkono hautoshi. Mimi niliambiwa na mchele. Nilikuwa nauchagua, na binti wa jirani aliyekaa kando yangu akawa anachomoa vijiwe ambavyo kidole changu kilikwisha kuvipita. Hakusema neno. Kesho yake nikaenda kununua miwani. Mpaka leo inakaa kwenye rafu ya viungo, kati ya iliki na bizari, kwa sababu kazi zake ni mbili: mchele na riwaya.

Nyumbani kwetu Tanga vitabu vilikaa barazani na wanawake walikaa uani. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo, ila kila mtu aliifuata. Kaka zangu walikuwa na Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mpelelezi na kiko chake, na baadaye wakawa na Willy Gamba wa Elvis Musiba. Vitabu hivyo vilipochoka, majalada yakishatoka na kurasa za mwisho zikianza kupungua, ndipo vilipovuka mlango vikaja jikoni kwetu. Zipo riwaya za upelelezi ambazo hadi leo sijui muuaji alikuwa nani.

Jiko la mkaa lilimjali msomaji. Ukishabandika maharage na kupunguza makaa, ulikuwa na sura mbili tatu kabla mtu hajakuita. Wali ulikuwa na faida zaidi: maji yakikauka unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko, na hapo hata mama mwenyewe alikukataza usiufunue. Gesi haina subira hiyo. Moto wake unataka kusimamiwa, na kila dakika unahisi pesa ikitoka kwenye mtungi. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi, na mimi niliyemsikia mama akikohoa moshi kila alfajiri sina ulimi wa kulisema vibaya lengo hilo. Nasema tu kwamba kuna kurasa nilizozisoma kwa hisani ya mkaa, na mtungi haujanipa hata moja.

Shuleni nikafundishwa kusoma kwa ajili ya mtu mwingine. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ina kesi ya Karama, anayesimama mbele ya wakubwa wa nchi na kujitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa mbali kutafuta mema wakarudi kuadhibiwa. Ni kitabu cha kijasiri, na kiliandikwa mkoloni akiwa bado kwenye kiti. Sisi tulikijua kwa vichwa vya habari vya ubaoni: dhamira, migogoro, falsafa ya mwandishi, wahusika na tabia zao. Mtihani ulipokwisha tukakifunga, na wapo walioapa kutokigusa tena. Kisha nikaolewa, nikakutana na mtahini wa pili. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kukisema vibaya chakula changu. Aliuliza tu, "Nazi ilikuwa moja?" Nami nikajua alama nilizopata.

Watahini wote wawili sasa hawapo, na hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyeninong'oneza kuhusu umri wa makamo. Niliyoambiwa ni mengine. Ofisini kwetu sisi tuliovuka hamsini tuna mazungumzo manne: kikokotoo, presha, sukari na shamba. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima ni 60, na katikati hapo kila mtu ni mkulima. Huyu ana heka zake Mkuranga, yule ana zake Bagamoyo, na mihogo inayostawi vizuri zaidi kwenye simulizi kuliko ardhini. Shaaban Robert aliwatangulia katika *Utubora Mkulima*: mtu anaiacha kazi yake ya mshahara Unguja, anarudi bara kushika jembe. Nikikisoma kitabu hicho siku hizi nacheka peke yangu, maana Utubora alikwenda kulima, na wenzangu wanakwenda kumpigia simu mlinzi wa shamba.

Yeye mwenyewe Shaaban Robert alipofika umri wetu aliandika habari zake akaziita *Baada ya Miaka Hamsini*. Nilipokuwa na ishirini na kitu jina hilo lilinipitia sikioni tu. Nilidhani ni mambo ya wazee. Alizaliwa 1909, akafariki 1962 akiwa na miaka 53. Nikikifungua leo namsoma mtu wa rika langu, anayehesabu alikotoka na kupanga mbele, asiyejua kwamba mbele yenyewe ni fupi. Hapo presha na sukari za ofisini zinaacha kuwa porojo.

Kwa hiyo narudia. Vitabu vipya nanunua, *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis ipo mezani, lakini jioni nyingi mkono unakwenda kwenye vilevile vya zamani, na mshangao ni jinsi vilivyobadilika bila mtu kuvigusa. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na marufuku hiyo ikaitangaza kuliko duka lolote la vitabu. Tuliisoma bwenini kwa tochi. Kila mmoja wetu alikuwa Rosa, binti anayepigwa na baba mlevi kwa sababu ya barua ya mvulana, kisha akifika mbali na mkono wa baba hajui uhuru unashikwaje. Regina, mama yake, hatukumwona. Alikuwa mtu wa pembeni anayeumia. Safari hii nimeisoma na Regina hakuniacha. Yeye ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba ambayo mwenye nyumba alikuwa akiinywa. Wanaosema riwaya ile ni onyo kwa wasichana sikubaliani nao. Ni riwaya ya akina baba, na ingefaa wasomeshwe wao kwanza.

Tangu hapo nimepata udadisi ambao mwalimu wangu wa fasihi asingeupa hata nusu alama: kila kitabu nakitafutia jiko lake. Bwana Msa akishatatua fumbo lake, nani amempikia? Willy Gamba namsamehe, yeye ni mtu wa hoteli.

Udadisi huo umenifikisha mbali zaidi ya riwaya. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia: dini, adabu, namna ya kuishi na mume na watu. Shaaban Robert naye aliwatungia wanawe tenzi, *Adili* kwa mwana wa kiume na *Hati* kwa binti. Wote wawili waliandika yale waliyoogopa yasipotee. Mapishi hayakuandikwa, kwa kuwa nani angedhani yatapotea? Mtoto atasimama kando ya jiko, ataona. Yaani mtoto wa kike. Wa kiume yuko barazani na Bwana Msa.

Wangu wa kiume yuko chuoni Dodoma, amepanga geto, na mwezi uliopita alinitumia ujumbe: "Mama shikamoo. Maharage ya nazi yanapikwaje?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitatu. Nimeandika safu hii muda mrefu, lakini sijapata kuandika kitu kigumu kama kile. "Chemsha mpaka yaive." Yaive ni kiasi gani? Nikafuta, nikaandika: mpaka ukilibonyeza kwa vidole viwili linapondeka bila kushindana nawe. "Chumvi kiasi." Kiasi cha mkono wa nani? Nikaenda jikoni, nikachota chumvi kama nichotavyo siku zote, nikaimimina kwenye kijiko ili nijue mkono wangu unabeba nini. Nikamweleza aroweke tangu usiku, akaange kitunguu na nyanya, aanze na tui jepesi, tui zito liwe la mwisho. Na likishaingia hilo asifunike na asiache kukoroga mpaka lichemke, maana likikatika halirudi. Jioni nzima ilikwisha. Nilisoma na kusahihisha kwa makini ambayo mhariri wangu angependa kuyaona kwenye makala zangu.

Majibu yalikuja baada ya Isha. "Mama, hii ni insha." Halafu mengine: "Mbuzi sina. Tui la pakiti linafaa?"

Nikamwandikia kwamba linafaa kabisa, apike ale, ila likizo hii akifika Tanga asimwambie bibi yake mzaa mama, kwa sababu yule bado ana nguvu na yeye pia anauliza nazi zilikuwa ngapi.