Pindo la Blanketi la Viraka

Mama zetu wanaoshona mablanketi ya vipande vya vitenge hapa Nakawa wanajua: pindo hukatwa kwa kipimo cha katikati ya blanketi, si cha ukingoni, kwa maana ukingo umekwisha kuvutika. Ukipima ukingoni, pindo huzidi urefu na kufanya mawimbi. Pasi huyalaza, mnunuzi asione mpaka afue.

Je, tukinyamaza tumedanganya? Wengine husema mnunuzi ana macho yake, na karo ya watoto haingoji. Shida hiyo twaijua sote. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, lakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, na mawe hayasemi neno. Mwenye pindo hilo alifumue. Akishindwa, amwonyeshe mnunuzi, apunguze bei.