Sifa ya Asiye na Hiari

Wazee wetu walizoea kuwafunza watoto kwa mifano ya viumbe. Mvivu aliambiwa amtazame chungu. Mchoyo alioneshwa kuku anayewaita vifaranga wake kwenye punje moja. Ni desturi njema, wala siipingi. Lakini yafaa tujiulize kama mfano wa namna hii huwa wa haki siku zote. Mtu aweza kuchota maji yenye ukoga wa kijani dimbwini, akamwambia mwanawe: “Tazama, kiumbe kisicho na akili hukimbilia nuru, nawe mwenye akili wapenda giza!” Maneno yapendeza masikioni. Je, ni ya kweli?

Ukoga ule mara nyingi ni kundi la viumbe vidogo, kila kimoja seli moja tu. Kimojawapo walichokichunguza sana wataalamu huitwa Chlamydomonas. Upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Mbele kina nywele mbili, nacho hupiga maji kwazo kama mwogeleaji apigavyo kwa mikono yake miwili. Ubavuni kina doa lenye rangi ya chungwa. Chombo cha maji yenye viumbe hivi kikiwekwa karibu na dirisha, huweza baadaye kuonekana kijani kikizidi upande wa nuru. Wamehamia huko, kwa kuwa kwa nuru hujitengenezea chakula.

Watu huliita doa lile jicho, walakini lenyewe halipokei habari yoyote. Zinazopokea ni protini zilizo katika ngozi ya seli, juu ya doa. Kazi ya doa ni kama ya ukuta uliopakwa chokaa: huirudisha nuru itokayo nje, na kuizuia ile ipitayo mwilini kutoka upande wa pili. Tena kiumbe hiki huogelea huku kikijizungusha, yapata mara mbili kila sekunde. Hivyo protini zile hupata nuru, kisha kivuli, nuru tena, kisha kivuli. Nuru ikizigusa hufunguka kama mlango, chembe zenye umeme zikaingia ndani, na nywele mbili zikapiga maji kwa nguvu zisizo sawa, mwili ukageuka. Mapokezano hayo yakikoma, ndipo kimeielekea nuru sawasawa, nacho huenda mbele.

Nuru ikiwa kali mno, kiumbe kile kile huikimbia. Na kuna la ajabu zaidi. Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walieleza habari za Chlamydomonas waliozaliwa bila rangi ya doa. Mwili wao ulikusanya nuru kama kioo cha hadubini na kuitupa upande wa nyuma, nao wakaogelea kinyume cha wenzao. Je, tuwaite hao wakosefu? Hakuna baba mwenye busara atakayesema hivyo. Basi, kama wale hawana lawama, hawa nao wamepata wapi sifa?

Aristotele aliipa mimea uwezo wa kujilisha na kukua, akawaachia wanyama hisia. Kiumbe hiki cha kijani kinausumbua mpaka huo. Kwa maana moja chahisi. Lakini Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikwisha kutupa mfano unaofaa: mshale hufika shabahani bila kujua uendako, kwa sababu mpiga upinde ameulenga. Kumsifu mpiga upinde ni haki. Kuusifu mshale kwa utiifu wake ni mzaha, na kumwaibisha mtoto kwa mshale ni kumdhulumu, kwa maana ni kumtaka asiwe na kile kinachomfanya kuwa mtu.

Mnamo mwaka 2021 ilitangazwa habari ya mtu wa miaka 58, aliyepofuka kwa ugonjwa wa macho. Madaktari walitia katika jicho lake moja maagizo ya kutengeneza protini ya jamii ile ile, iliyotoka kwa mwani mwingine wa ukoo wa Chlamydomonas na kurekebishwa. Alipewa pia miwani maalumu ya kumulika ndani ya jicho. Je, aligeuka kuielekea taa kama ukoga wa dimbwini? La. Alifanya mazoezi yapata miezi saba kabla hajaanza kusema kwamba anaona nafuu. Kisha aliweza kunyosha mkono na kugusa daftari mezani, na kuhesabu bilauri, ingawa bila miwani ile hakuweza.

Hapa ndipo penye neno zima. Protini ni ya ukoo mmoja, na kazi yake ni ile ile ya kufungua mlango. Katika mwani, mlango ukifunguka mwili umekwisha kugeuka. Baina ya nuru na mwendo hakuna mwenye nyumba. Katika mtu huyu habari ilifika mahali ilipongojewa. Alibidi aitafakari, aikosee, ajifunze maana yake, kisha aamue la kufanya nayo.

Yasemekana jambo la kwanza alilolitambua akiwa na miwani yake ni mistari myeupe ya kivuko cha waendao kwa miguu. Kuvuka au kungoja lilikuwa shauri lake.