Wale wa Benchi la Nyuma



Juzi kwenye kikao chetu tulikuwa tunaongea habari za ubaguzi, na mmoja wenu akaniuliza: "Frateri, mambo ya zamani tunayafukua ya nini? Si wasamehe tu yaishe?" Nikamjibu kifalsafa (hiyo digrii nayo!), wala sikumsaidia. Naomba nijaribu tena.

Kule Louisiana, Marekani, wapo Wakatoliki weusi, wazee sasa, wanaokumbuka utoto wao kanisani. Walikaa mabenchi ya nyuma. Wakati wa Komunyo walisubiri mpaka mzungu wa mwisho apokee, ndipo nao wasogee. Padre ni yule yule, Yesu ni yule yule. Hebu mfikirie mtoto aliyetoka Komunyo ya kwanza akigundua kwamba hata altareni kuna foleni ya rangi!

Mwaka 1953 Askofu Mkuu Joseph Rummel wa New Orleans alikataza jambo hilo kwa barua ya kichungaji. Likaisha? Wapi! Mwaka 1955, pale Jesuit Bend, waamini walimzuia padre mweusi asiwaadhimishie Misa. Askofu akasimamisha ibada katika kanisa lile.

Kabla yao kulikuwa na Augustus Tolton, aliyezaliwa mtumwa huko Missouri mwaka 1854. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki. Na waliowamiliki pia, jamani, walikuwa Wakatoliki! Alipotaka upadre, hakuna seminari Marekani iliyompokea. Hapa huwa nanyamaza kidogo, maana mimi nilipoomba kuingia seminari hakuna aliyeuliza rangi yangu. Tolton alikwenda kusoma Roma, akapadrishwa tarehe 24 Aprili 1886. Alitegemea kutumwa Afrika, kwetu huku. Badala yake akarudishwa kwao, kwa wale wale waliomkataa. Akaenda. Alifariki Chicago mwaka 1897 akiwa na miaka 43 tu, akiwahudumia maskini. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa.

Sasa, wewe uliyeuliza. Kumbuka Bwana alipowatokea wanafunzi wake. Mauti ameyashinda, amani amewapa, lakini mikononi matundu ya misumari bado yapo. Angeweza kufufuka bila alama hata moja. Hakuzificha, aliwaonyesha, na Tomaso akaambiwa aguse. Hakuwa analipiza kisasi, wala waliomkimbia hakuwafukuza.

Ndivyo ninavyowasikia wazee wale. Hawakuliacha Kanisa, wengi wamesamehe siku nyingi. Wanatuonyesha mikono, basi. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "yaishe", unamwomba afiche kile ambacho Yesu mwenyewe hakukificha.

Siku ile nilikutajia Aristotle, ambaye naye aliandika kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Nisamehe. Jumamosi nakuja, tuendelee.