Sababu, Hatia na Wajibu: Kutoka Flashi Isiyowaka hadi Macho Mekundu ya Usukuma

Kitu kinapokataa kufanya kazi yake, mwanadamu huuliza maswali mawili ambayo mara nyingi huyatamka kwa maneno yale yale: ni nini kilichoharibika, na kwa nini kimeharibika kwake yeye na kwa wakati huu. Swali la kwanza huelekea kwenye kitu chenyewe, la pili huelekea kwenye maisha ya mwenye kitu, na kuyachanganya maswali hayo kumegharimu roho za watu wengi katika Usukuma, kwenye mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Geita nchini Tanzania. Insha hii inachunguza mpaka uliopo kati ya maswali hayo, na inadai kwamba swali la pili ni halali, lakini hakuna ruhusa ya kulijibu kwa kumtaja jirani.

Flashi ya kamera, yaani taa inayotoa mmweko mmoja mkali wakati picha inapopigwa, inafaa kuanzia uchunguzi huu kwa kuwa ndani yake sababu zimepangwa kwa mfuatano usioruka hatua. Katika flashi ya kawaida, betri nne ndogo ambazo kwa pamoja hutoa volti 6 hivi hulisha sakiti inayoukatakata mkondo wa umeme kwa kasi, ili uweze kupita katika transfoma na kupandishwa hadi kiasi cha volti 300. Umeme huo huhifadhiwa katika kapasita, chombo chenye umbo la kopo dogo ambacho hulimbikiza chaji na kuiachia kwa mpigo. Na mpiga picha anapobonyeza kitufe, koili ndogo hutoa msukumo wa volti elfu kadhaa unaoifanya gesi ya zenoni, iliyomo katika mrija wa kioo, ipitishe umeme na kumweka kwa muda ambao mara nyingi haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Flashi ikikataa kuwaka kabisa, hata kile kitaa cha kuonyesha kwamba iko tayari kisionekane wala ule mlio mwembamba wa kuchaji usisikike, fundi anaweza kuuweka mrija kando katika hatua ya kwanza, kwa sababu mrija uko mwisho wa safari na dalili zote zinaashiria kwamba safari haijaanza.

Hivyo huanza na betri, kisha vyuma vinavyoshikana nazo, kisha waya, swichi na sakiti inayofuata. Mara nyingi sana hitilafu huwa duni kuliko hofu ya mwenye kifaa: flashi iliwekwa kabatini na betri zake ndani, betri zikavuja, na kemikali yake ya alkali ikajenga utandu mweupe au wa kijani juu ya chuma, utandu ambao hauruhusu umeme kupita na ambao huondolewa kwa pamba iliyochovywa kwenye siki au maji ya limau, kwa kuwa asidi huizimua alkali. Kinachostahili kuzingatiwa hapa ni tabia ya hoja za fundi. Kila anachodai kinaweza kukanushwa papo hapo, maana akisema waya umekatika, mita ya kupimia umeme itamkubalia au itamkatalia mbele ya mteja, na mita ikimkatalia hana budi kuiacha dhana yake hata kama aliipenda. Tena analazimika kuwa na subira, kwa sababu kapasita huweza kubaki na chaji ya hatari hata baada ya betri kutolewa, na fundi anayevua kasha kwa haraka bila kuitoa chaji hiyo kupitia rizista, yaani kipande kinachozuia na kupunguza mkondo, anaweza kupigwa na umeme wa kifaa alichodhani hakina kitu.

Mpiga picha wa harusi mjini Katoro, mji wa biashara ya dhahabu mkoani Geita, ambaye flashi yake imekataa kwa namna hiyo, anaweza kuyakubali maelezo hayo yote na bado asiridhike. Anajua sasa kwamba betri zilivuja. Asichoelezwa ni kwa nini utandu ulikamilisha kazi yake siku ya sherehe kubwa, na si wiki moja kabla, wala kwa nini mwenzake, ambaye naye huacha betri ndani ya flashi, hajapata hasara. Katika machimbo swali hilo ni kubwa zaidi, kwa sababu wachimbaji wawili wanaweza kuchimba maduara yanayopakana, yaani mashimo ya kuufuata mwamba, mmoja akaukuta mshipa wenye dhahabu na mwingine akatoa mawe matupu hadi akafilisika. Elimu ya miamba inaeleza kwamba dhahabu haikusambaa kwa usawa ndani ya mshipa, na maelezo hayo ni ya kweli. Lakini aliyefilisika hakuuliza juu ya mishipa, aliuliza juu ya nafsi yake.

Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, kabila la Afrika ya Kati, alionyesha kwamba swali la namna hii si la watu wasiojua maumbile. Ghala la nafaka linapoanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake, Wazande wanajua vizuri kwamba nguzo zililiwa na mchwa na kwamba watu walikaa pale kukimbia jua. Wanachotafuta ni kiungo kati ya mifuatano hiyo miwili ya mambo, yaani kwa nini ghala lile lilianguka wakati watu wale walipokuwa chini yake, na kiungo hicho wanakiita uchawi. Kwa upande wa mantiki Wazande hawakukosea kuona pengo. Sayansi huliacha pengo hilo wazi na kuliita bahati, jambo ambalo kusema kweli ni kulipa jina tu.

Dini nazo zimeligusa pengo hili. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alidai kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake wenyewe, bali Mungu huumba kuungua pale moto na pamba vinapokutana, na kile tunachokiita sababu ni mazoea ya kuona vitu viwili vikifuatana. Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayezikana sababu za vitu anaikana akili yenyewe, kwa kuwa kazi ya akili ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Fundi asemaye kwamba Mungu akipenda flashi itawaka, huku mkono wake ukishika mita, anaishi na wanazuoni wote wawili bila kuwajua, wala hakuna ulazima wa kumtaka achague. Hata hivyo, yapo mapatano yasiyosemwa katika ugomvi ule: mmoja anampeleka muulizaji kwa Mungu, mwingine anampeleka kwa maumbile, na hakuna kati yao anayempeleka nyumbani kwa jirani.

Hapa msomaji makini atapinga, akisema kwamba Biblia na Kurani zote zinautaja uchawi na kuulaani, kwa hiyo muumini hawezi kuambiwa kwamba jambo hilo halipo. Pingamizi hilo ni la haki, lakini halifiki mbali. Kuamini kwamba uchawi upo ni jambo moja, na kuwa na njia ya kumtambua mchawi ni jambo jingine kabisa. Ramli, yaani uaguzi ambao katika Usukuma hufanywa pia kwa kuchunguza mwili wa kuku aliyechinjwa, haina mita ya kuikana, na jina likishatajwa hakuna kipimo kinachoweza kulirudisha. Kitabu cha Ayubu kinalisema jambo hilo kwa ukali: marafiki watatu walioongoza hoja kutoka mateso ya Ayubu hadi hatia yake ndio waliokemewa na Mungu mwishoni, ingawa katika kitabu chote wao ndio waliojidhania kuwa wanamtetea Mungu.

Katika Usukuma hoja ya marafiki wa Ayubu ilivaa sura ya macho mekundu. Kwa miongo mingi wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wekundu wa macho umehesabiwa kuwa miongoni mwa dalili. Mpiga picha ana sababu ya pekee ya kuidharau dalili hiyo, kwa kuwa flashi yake iliyo karibu na lenzi, ikimulika gizani wakati mboni zimepanuka, huupeleka mwanga hadi nyuma ya jicho penye damu nyingi na kuurudisha ukiwa mwekundu, hivyo kwamba bibi harusi, shehe na padri wote hutoka pichani na macho ya kutisha. Wekundu wa macho ya bibi mzee una historia ndefu zaidi. Enzi za ukoloni mapori ya Shinyanga yalifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o, mashamba ya pamba nayo yakazidi kuila misitu, kuni zikaadimika kiasi kwamba mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kama HASHI, ili kurudisha uoto. Na penye uhaba wa kuni watu hupikia samadi kavu na mabua, ambayo moshi wake ndani ya nyumba isiyo na dirisha huyachoma macho ya mpishi miaka na miaka. Aliyetaka kujua sababu ya macho yale angeweza kuifuata hatua kwa hatua, kama fundi anavyofuata waya. Aliyemwinulia bibi panga hakuwa akitafuta sababu ya macho. Alikuwa na msiba au hasara ya kwake, na alitaka mtu wa kumbebesha.

Dola nayo ilianguka katika kosa la namna hiyo hiyo. Mwaka 1976, katika operesheni ya kukomesha mauaji hayo mikoani Mwanza na Shinyanga, baadhi ya watu waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya usalama. Mateso hayatofautiani na ramli kwa upande wa maarifa, kwa sababu yote mawili hutoa jina bila kutoa ushahidi. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa yeye aliyewatesa. Hata hivyo alijiuzulu mwezi Januari 1977, akikubali kubeba dhamana ya yaliyotendwa chini ya wizara yake.

Tukio hilo linastahili nafasi katika falsafa kuliko inayopewa, kwa maana linatenganisha mambo matatu ambayo tuhuma ya uchawi huyasonga kuwa moja: sababu, yaani kilicholeta tokeo, hatia, yaani ubaya wa aliyetenda kwa makusudi, na wajibu, yaani mzigo ambao mtu anaweza kuubeba hata pale ambapo hana sababu wala hatia. Bibi wa macho mekundu alitwishwa yote matatu bila kuwa na hata moja, na waziri alilibeba la tatu peke yake. Swali la mpiga picha wa Katoro linapata jibu katika la tatu hilo. Hakuna atakayemwambia kwa nini utandu ulichagua siku ile, lakini anaweza kuirudisha fedha ya wenye harusi, na wenye harusi wanaweza kumsamehe, bila yeyote kati yao kutafuta mkono wa tatu ulioiharibu flashi.

Mashirika ya kutetea wazee katika Usukuma yamefundisha ujenzi wa majiko yanayopunguza moshi, na kazi hiyo ni njema kwa macho na kwa mapafu. Kwa hoja, hata hivyo, jiko halitoshi: linaondoa dalili moja na kuiacha sawasawa kanuni iliyoisoma dalili hiyo, na mwenye kanuni hiyo atatafuta alama nyingine, iwe ni ngozi, kilema, upweke au umri. Viongozi wa misikiti na makanisa ya Shinyanga na Geita, ambao waumini wao huwaletea swali la pili kila siku, wanapaswa kuikataa kanuni yenyewe mimbarani, kwa kumtaka kila anayemtaja mtu kuwa chanzo cha msiba alete ushahidi unaoweza kupimwa, au anyamaze.